Marehemu Anaandika Siku za Giza

Jumatano asubuhi, saa nne imepita kidogo, Atai alitoka mbio ndani ya kafe ya intaneti ya marehemu mumewe, upande wa Uganda wa Busia, akaacha kiatu kimoja chini ya meza na mkoba wake juu ya kiti. Wabadilisha fedha wa mpakani, watu ambao hawapitwi na kitu, walimwona akikata barabara katikati ya malori bila kutazama kulia wala kushoto. Mmoja wao alimwambia mwenzake kwamba mjane wa Egesa ameandikiwa tena. Kabla ya saa sita habari hiyo ilikuwa imeshavuka hadi upande wa Kenya na kurudi, na kila aliyeipokea alikuwa ameiongezea chumvi yake.

Fidel, kijana wa ng'ambo ya mpaka aliyekuwa akiendesha kafe hiyo, alibaki amesimama nyuma ya kiti kitupu. Barua pepe ilikuwa bado wazi kwenye skrini.

*Mama Kate, ugali iko? Hii ni mara ya tatu nakuambia. Usiguse vitu vyangu. Toka kwa nyumba kabla ya lumbe, peleka mtoto kwa mama yako Asio huko Nagongera. Ukikaa, namchukua Kate aje kunipikia huku niliko.*

Barua ilitoka kwenye anwani ya Egesa. Na Egesa alikuwa kaburini Lunyo, kijijini kwao, karibu mwezi mzima.

Polisi wa Busia walimpa kesi hiyo Sajini Apio wa upelelezi, labda kwa sababu wenzake wote waliikwepa. Apio alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mzaliwa wa upande wa Tororo, mpole wa sauti. Alimkuta Atai nyumbani kwake, mjini, amekaa sakafuni na Kate mapajani. Mtoto alikuwa na miaka sita na alitaka kushuka akacheze, lakini mama hakumwachia.

Atai alieleza taratibu. Mumewe alikuwa amekwenda Tororo kwa pikipiki. Alikutwa mtaroni kwenye barabara ya kurudi Busia, amegongwa na gari ambalo halikusimama. Polisi wa barabarani waliandika kuwa ni lori, mambo yakaishia hapo. Barua ya kwanza ilikuja Ijumaa iliyopita, ya pili Jumapili, ya tatu jana Jumanne. Zote zilianza kwa maneno yaleyale, ugali iko, kwa sababu hivyo ndivyo Egesa alivyokuwa akimwandikia kila adhuhuri kutoka kafe, utani wao wa mke na mume tangu alipomfungulia anwani na kumfundisha kushika kipanya.

"Nani mwingine alijua utani huo?" Apio aliuliza.

"Hakuna, afande. Mimi na yeye."

"Na hii lumbe ni lini?"

Lumbe, shughuli ya kumaliza matanga, ilikuwa Jumamosi ya wiki ijayo, kule Lunyo. Siku hiyo vitu vyote vya marehemu vingetolewa nyumbani na kutandazwa uani mbele ya ukoo, hata soksi, kisha vigawanywe, na mrithi atajwe. Mjane naye angesimama asimulie safari ya mwisho ya mumewe, alikwenda wapi, kwa nani, alirudi vipi. Ndiyo desturi yao.

"Nikienda kwa mama, nyumba itabaki bila mtu, na watasema nimetoroka," Atai alisema. "Nikikaa, atakuja kumchukua huyu. Niambie wewe, nifanye nini?"

Apio aliuliza barua zimeandikwaje bila umeme, jambo lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi, nalo ndilo lililokuwa likiutetemesha mji mzima. Mwaka ule wa 2006 umeme ulikuwa wa mgao. Busia ilipata siku moja, siku ya pili giza, usiku na mchana. Ijumaa ilikuwa giza. Jumapili giza. Jana Jumanne giza. Siku hizo kafe ilifungwa kwa kufuli, kwa maana Egesa hakuwahi kununua jenereta. Atai alizisoma barua kesho yake tu, umeme uliporudi, na saa zilizoandikwa juu yake zilikuwa za adhuhuri, wakati Busia nzima haikuwa hata na taa ya kumulika chumbani.

"Watu wanasema maiti hahitaji umeme," Atai alisema, na akamkaza mtoto zaidi.

Alasiri hiyo Apio alimwita kituoni Bwire, mdogo wa marehemu, mtu mrefu mwenye kazi ya kupitisha mizigo forodhani. Mji ulikuwa umeshamhukumu. Yeye ndiye aliyetarajiwa kurithi kafe, na tangu msibani alikuwa akitembea na rundo la funguo kiunoni kama bwana mkubwa.

Apio alimuuliza alikuwa wapi siku hizo tatu. Bwire alijibu kwa kelele kwamba yuko forodhani kila siku, waulizwe madereva. Aliulizwa kama anajua kutumia kompyuta, akasema hata yeye ni mtu wa kisasa. Aliulizwa kama anataka shemeji yake aondoke, akazivua funguo kiunoni na kuziweka mezani.

"Nataka kafe, sikatai," alisema. "Lakini mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Wewe unaniona mimi mtu ya kutisha mtoto?"

"Mimi sijaona bado. Nisomee hii barua kwa sauti, miwani yangu imebaki nyumbani."

Bwire aliichukua karatasi aliyoichapa Fidel, akasoma. Alisoma vizuri tu mpaka kwa *mama yako*, akakohoa, akaendelea na *huko Nagongera*, akamaliza. Apio alimwomba arudie. Akarudia, na pale pale akakohoa tena, na safari hii jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Kikohozi kibaya hicho," Apio alisema.

"Afande, unajua sana kwa nini. Wewe si mtu wa hapa?"

Apio alimrudishia funguo zake, akamwambia aende nyumbani.

Fidel hakuwa na bahati hiyo. Yeye ndiye aliyewafungulia wateja wote anwani zao, yeye ndiye aliyewawekea maneno ya siri, na wazee wasiojua kusoma alikuwa akiwasomea barua za watoto wao wa Nairobi na London kwa sauti hadi kafe nzima ikajua nani ameoa na nani amefukuzwa kazini. Kama kuna mtu angeweza kuingia kwenye sanduku la barua la Egesa, ni yeye. Tena aliishi ng'ambo, ambako umeme haukuwa wa mgao. Apio alimweka kwenye kiti na kumwacha muda mrefu bila kumsemesha.

"Madam, wallahi si mimi," Fidel alianza mwenyewe.

"Sijakuuliza kitu."

"Naona unaniangalia."

"Neno la siri la Egesa unalijua?"

"La boss? Hapana. Hakuna neno la siri nililokuwa silijui hapa ila lake. Anwani yake aliifungua mwenyewe Tororo kabla sijaajiriwa."

"Mama yake Atai unamfahamu?"

"Yule shosho wa Nagongera? Nilimwona matangani. Jina sijui, kila mtu anamwita Mama."

Apio alimtazama. Macho ya kijana yalikuwa yakikimbilia mlangoni kila mara kama mtu aliyeacha kitu kwenye moto. Alikuwa anaficha jambo. Lakini alipobanwa alizidi kuapa, na jioni Apio akamwachia, akiwa hana sababu ya kumfunga.

Mchana wa siku hiyohiyo, Atai alipoitwa kituoni kuandikisha maelezo, nyumba yake ilikuwa imepata wageni. Maurine, mke wa Bwire, ndiye aliyebaki na Kate. Fidel alipita kurudisha mkoba na kiatu. Bwire alipita kula. Na Okware, rafiki mkubwa wa marehemu na mshirika wake wa biashara kule Tororo, alileta sukari na mkate kama alivyokuwa akifanya kila wiki tangu msiba. Egesa na Okware walianza pamoja, wakinunua kompyuta kuukuu zilizoshushwa bandarini, wakizifuta vumbi na kuzigawana, nusu Busia, nusu Tororo. Okware alikaa sana, akalia kidogo, akamwambia Maurine kwamba hizo barua ni wahuni tu, shemeji asiogope, lakini kama anaogopa, basi aende akapumzike kwa mama yake hadi mambo yatulie.

Alhamisi Busia ilikuwa giza tena. Apio alipanda basi kwenda Tororo kumwona Okware mwenyewe, kwa kuwa safari ya mwisho ya Egesa ilikuwa ya kwenda kwake. Mvua ilikuwa imenyesha, na Mwamba wa Tororo ulikuwa umevaa wingu hadi kiunoni. Kafe ya Okware ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, imejaa wanafunzi na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu. Okware alimpokea kwa mikono miwili, akamletea kiti na soda. Mtu wa maneno laini, shati limepigwa pasi.

Alieleza kwamba siku ile Egesa alikuja, wakazungumza mambo ya vipuri, wakala wali, akaondoka mchana kweupe. Hakumwona tena. Alisimulia akitikisa kichwa. Juu yake pangaboi lilikuwa likizunguka polepole.

Simu ya Apio iliita. Alikuwa Atai, anauliza kama kuna habari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu. Alisema madirisha ameyafunga na anataka kumwashia Kate mshumaa.

"Mchana huu?" Apio aliuliza.

"Ndani ni giza, afande, na umeme hakuna. Leo si siku yetu."

Apio aliinua macho, akalitazama lile pangaboi. Akatazama skrini zote zilizokuwa zikiwaka ukutani. Alimshukuru Okware kwa soda, akatoka, na njia nzima ya kurudi hakusema na mtu.

Ijumaa umeme uliporudi Busia, barua ya nne ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa jana yake, saa moja tu baada ya Apio kuondoka Tororo.

*Mama Kate, ugali iko? Nimefika kumwona. Kate analala na kidole mdomoni, mkono wa kushoto, uso kwa ukuta. Kitanda chake kiko karibu na mlango. Sitarudi mikono mitupu.*

Atai hakukimbia safari hii. Apio alimshika mabegani, akamketisha.

"Nisikilize, mama. Aliyeandika hii yuko hai na alikuwa nyumbani kwako juzi mchana mtoto akiwa amelala. Mume wako hayumo."

"Unajuaje? Maneno ni yake."

"Maneno ni yake, yalinakiliwa kutoka barua zake za zamani. Lakini tazama ile ya tatu. Imetaja mama yako kwa jina. Egesa katika maisha yake yote alishawahi kutamka jina la mkwe wake?"

Atai alitikisa kichwa. Woga ulikuwa umemzuia kuona jambo ambalo hata mtoto wa huko kwao angeliona. Mume hatamki jina la mama mkwe, wala ndugu za mume hawalitamki, hata kwa bunduki. Bwire alikuwa ameliruka mara mbili mbele ya polisi huku akijua anashukiwa.

"Kwa hiyo mwandishi si Egesa, na si Bwire," Apio aliendelea. "Ni mtu ambaye mama yako si mkwe wake, tena anamjua kwa jina. Fidel halijui. Sasa hili giza. Sisi wote tumekuwa tukiuliza nani anaweza kuandika Busia ikiwa giza. Mtu wa Kenya anaweza, lakini yeye ana umeme kila siku, mbona hajaandika hata mara moja siku yetu ya mwanga? Jana nilikuwa Tororo. Siku yetu ya giza ndiyo siku yao ya umeme. Huyu hachagui giza. Anaandika siku ambayo kompyuta yake inawaka."

Nyuma yao kiti kilianguka. Fidel alikuwa amesimama, uso umempauka.

"Madam, kuna kitu boss alinipa," alisema.

Siku mbili kabla ya kufa, Egesa alirudi kutoka Tororo na diski ya kompyuta, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu, akamwambia Fidel akaifiche kwao ng'ambo na asimwambie mtu. Alipouawa, Fidel aliogopa kwamba akiitoa atasemwa ndiye muuaji, akaifukia ndani ya gunia la mahindi ya mama yake. Aliikimbilia na kurudi nayo muda huohuo. Walipoiunganisha na kompyuta moja ya kafe, Apio alisoma kidogo tu, akamwambia Fidel azime.

Ilikuwa imejaa barua za watu. Mtu alikuwa ameweka kwenye kompyuta za wateja programu inayonasa kila herufi inayobonyezwa. Maneno ya siri ya wanawake wa Tororo yalikuwa humo, na barua zao za mapenzi, na siri za magonjwa yao. Pia zilikuwepo barua walizoandikiwa baadaye na mtu asiye na jina, akiwaeleza watakachofanya la sivyo waume zao wajue. Mmoja aliombwa kuja peke yake dukani, jioni.

"Ndiyo maana Okware anataka nitoke," Atai alisema taratibu. "Anadhani hii iko nyumbani. Na siku ya lumbe itatandazwa uani."

"Ndiyo. Na sina ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeandika. Atasema Egesa ndiye mwizi wa siri, maiti hajitetei." Apio alivuta kiti. "Kaa hapa. Utamjibu mume wako."

Atai aliandika kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa. Aliandika kwamba ameshindwa, atatoka nyumbani. Aliandika kwamba amepata kisanduku cha chuma kwenye vitu vya Egesa, kinamtisha, na kwamba amekipeleka Nagongera kwenye ghala la mama yake, chini ya mtama, hadi atakaporudi kutoka kwa shangazi yake Jumatatu.

"Leo Tororo ni giza," Apio alisema. "Kesho ataisoma."

Jumamosi Nagongera ilikuwa siku ya soko, boda boda zikipita na mbuzi na matenga ya nyanya. Nyumba ya Bibi Asio, mama yake Atai, ilikuwa pembeni kidogo. Bibi alikuwa mdogo wa mwili, mkali wa ulimi, na alipoambiwa na Apio ajifanye yuko peke yake, aliuliza kama polisi siku hizi wanaajiri waigizaji wazee na mshahara ni kiasi gani. Lakini alipokaa kibarazani kuchambua maharage, mikono yake ilikuwa ikimwaga zaidi ya kuchambua. Jikoni, nyuma ya mlango, walikaa Apio, polisi wawili, na Atai. Kate alikuwa ameachwa kituoni Busia na Maurine, na Atai aliuliza mara nyingi kama kituo kile kina mlango mmoja au miwili.

Mchana, gari dogo la mizigo lilisimama nje. Okware alishuka. Shati limepigwa pasi.

"Mama Asio, habari za siku nyingi," alisema. Yeye alikulia kijiji cha pili, alimjua bibi tangu akiwa mvulana wa kuchunga ng'ombe. "Nimepita sokoni nikasema nisiwapite."

Bibi alimkaribisha maji. Okware alikunywa, akauliza habari za magoti yake, akacheka alipoambiwa magoti yamekufa kabla ya mwenyewe. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka, kwamba Atai amemtuma achukue kitu chake kidogo ghalani.

"Hakuniambia," bibi alisema.

"Alinipigia jana. Kiko chini ya mtama."

Apio alimwacha aingie. Alimwacha achimbe. Alipotoka na mikono imejaa vumbi la mtama na hana kitu, alikuta uani kumejaa watu, na Atai amesimama mbele.

"Nilikupigia jana?" Atai aliuliza.

Okware alimtazama yeye, kisha polisi. "Shemeji, au ni Bwire aliniambia. Sikumbuki vizuri."

"Bwire hajui. Mama yangu hajui. Sikumwambia mtu yeyote duniani kwamba kiko chini ya mtama. Nilimwandikia mume wangu peke yake."

Okware alirudi hatua moja nyuma. Alitazama gari lake, na polisi mmoja alikuwa tayari ameegemea taa ya mbele ya kushoto, mpya, inayong'aa kuliko mwenzake.

Alipokaa chini, alikaa kama gunia. Apio aliuliza, naye akajibu kwa sauti ileile laini. Egesa alikuja kukarabati kompyuta akakuta ile programu, akaondoka na diski bila kusema. Siku mbili baadaye akarudi, akamwambia kwamba kwa sababu ya urafiki anampa hadi Jumapili aende mwenyewe kwa wale wanawake aombe radhi, la sivyo yeye ataipeleka polisi. Okware alimpikia wali. Egesa alipoondoka kwa pikipiki, Okware alihesabu kidogo, akachukua ufunguo wa gari. Mfukoni mwa marehemu hakukuta diski. Neno la siri la marehemu alikuwa nalo zamani, kama alivyokuwa na ya wengine wote.

"Nilitaka atoke tu," alisema. "Nipate nusu siku ndani ya nyumba ile. Mtoto ilikuwa maneno ya karatasi."

"Si ya karatasi," Atai alisema. "Uliandika anavyolala."

Okware alitazama mikono yake.

"Jumatano Maurine alikwenda kuchota maji. Niliingia kutafuta. Mtoto alikuwa pale, na kabati liko nyuma ya kitanda chake." Alijifuta vumbi la mtama viganjani. "Akageuka. Akafungua macho nusu, akasema, baba. Nikasema kama huyu amenitambua, atasema. Nikachukua mto. Nimeshika mto, ndoo ya Maurine ikagonga mlango."

Bibi Asio aliacha maharage yakamwagika yote. Hakuna aliyeinama kuyaokota. Atai hakupiga kelele, hakumrukia. Aligeuka akatembea hadi barabarani, akasimamisha boda boda ya kwanza, akamwambia mwendeshaji Busia, kituo cha polisi, na asisimame popote.

Jumamosi iliyofuata, Lunyo, vitu vya Egesa vilitandazwa uani juu ya mikeka, mashati, nyaya, spika mbovu, soksi. Ukoo ulikaa pande zote, na wageni walijaa hadi kwenye migomba, kwa kuwa mji mzima ulikuwa umekuja kusikia. Bwire, mrithi, alimwita shemeji yake asimulie safari ya mwisho. Wanawake fulani wa Tororo, waliovaa mitandio hadi machoni, walikuwa wamesimama nyuma kabisa.

Atai alisimama na Kate mgongoni, amefungwa kwa kanga ingawa alikuwa amepita umri wa kubebwa. Alisimulia kila kitu kuanzia ule wali. Alipofika kwenye mto, uani hapakusikika hata kikohozi. Sauti yake ilikatika mara moja tu, akapeleka mkono nyuma kuhakikisha mguu wa mtoto uko pale, akaendelea.